JE, WAJUA? Kimo cha gari lililoinuliwa hakipimwi toka ardhini

Katika mji wa Goma, ambao baadhi ya mitaa yake imepita juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima Nyiragongo mwezi wa Januari 2002, mwenye Land Cruiser aliyekwisha kuligongesha tumbo la gari lake mara mbili tatu huingiwa na shauku ya kuliinua kwa springi ndefu zaidi; na fundi amwambiapo kwamba limepanda inchi 2, ana haki ya kudai ithibati.

Ithibati hiyo haitafutwi toka ardhini, kwa sababu tairi mpya, au hata upepo ulioongezwa, huiharibu hesabu. Hupimwa toka kitovu cha gurudumu, wima, hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, gari likiwa mahali tambarare na mzigo wake wa kawaida: kwanza kabla ya kazi (asiyepima hapo amejidhulumu mwenyewe), kisha tena baada ya siku kadhaa za safari, springi zikiisha kutulia. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kimo kilichozidi.

Na la ajabu ni kwamba, penye ekseli nzima kama ile ya nyuma ya Land Cruiser, springi huinua bodi peke yake. Difu, ambayo aghalabu ndiyo huliwahi jiwe, hubaki palepale. Kiinuacho difu ni tairi, nayo kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezwa: inchi 2 za tairi, inchi 1 ya difu.