Radi: Tulinde Vyombo, Tulinde na Ujirani

Wandugu wa Ngungu, tunaishi katika eneo lenye radi nyingi sana. Uchunguzi wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu Kabare, Kivu ya Kusini, miale ya radi 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Sake, hapa kwetu Masisi, imo kati ya sehemu kumi za kwanza duniani.

Si lazima radi ipige nyumba ndipo kompyuta iungue. Hata ikianguka mbali kidogo, nguvu yake hupita katika nyaya za jenereta, za sola na za antena. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Tunawashauri: mawingu yakikusanyika, chomoeni plagi zote, chaja za simu na waya wa antena. Ngurumo ikishasikika, msiguse waya. Uhai unapita kompyuta. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Viongozi, chombo cha kamati kikiungua, msiruhusu watu watafute mchawi kati ya majirani au wageni. Waelezeni njia ya nyaya. Kompyuta hununuliwa tena. Jirani aliyefukuzwa kwa uvumi harudi upesi.