Likasi: Jitunze kwa kipimo cha nguvu zako

Mjini Likasi, kilomita zipatazo 120 kutoka Lubumbashi, wazee wengi bado wanakumbuka kampuni kama baba na mama. Tangu enzi za Union Minière hadi Gécamines, mfanyakazi alipata nyumba, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto. Daktari wa kampuni ndiye aliyeamua nani apumzike.

Mwaka 2003 mambo yaligeuka. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Tangu hapo, mzigo wa kutunza mwili na roho umebaki kwa familia, na hasa kwa akina mama wanaotoka alfajiri kwenda sokoni au shambani.

Lakini kipimo cha zamani hakijaondoka. Baba anayerudi mikono mitupu kutoka machimbo ya Kamatanda anajiona hafai, kwa sababu anajilinganisha na mzazi wake aliyepokea mshahara kila mwezi. Mama anataka kulisha, kusomesha na kutibu wote, na tena asichoke.

Kujitunza kunaanza kwa kupunguza hesabu hiyo. Si uvivu. Badala ya kuapa kujenga nyumba mwaka huu, mtu anaweza kupanga kulipa ada ya mtoto mmoja na kutoa mchango wa likelemba mwezi huu. Anayelea jamaa wengi anaweza kusema mapema, "Nitatoa hiki, kile sina," kuliko kuahidi kisha kukosa usingizi kwa madeni.

Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa kitabu cha picha kwa watu wenye msongo wa mawazo. Kinaonyesha kwamba dakika chache kila siku zinasaidia: kupumua polepole, kukanyaga chini kwa utulivu, kuangalia na kusikiliza kilicho karibu. Hakuna cha kununua.

Mwili nao una madai yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kiasi kikubwa cha kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Utafiti mwingine, wa Lubumbashi, uliotolewa mwaka 2020, ulihusisha kazi ya baba migodini na hatari kubwa zaidi ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Kwa hiyo kuoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, kuacha viatu nje na kufunika chakula ni mambo madogo yenye maana.

Hata hivyo, sabuni haiwezi kuondoa vumbi la mji mzima. Hiyo ni kazi ya kampuni na serikali. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Kuidai haki hiyo pamoja, kupitia kamati za mtaa, kunapunguza mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuubeba.

Na ikiwa usingizi umepotea kwa wiki nyingi, au mawazo ya kufa yanakuja, usingoje: mwambie mtu unayemwamini na mwende naye kwenye kituo cha afya.