Chombo au Nyumba? Wakazi wa Majini katika Ghuba ya Richardson

Katika Kiswahili, neno "chombo" hutumika kwa sufuria, kwa zana ya fundi na kwa jahazi, na muktadha ndio huamua. Hata hivyo, kuna mahali ambapo kuamua iwapo kitu ni chombo cha majini au ni nyumba si suala la kamusi tu, bali huweza kumpokonya mtu makao.

Kaskazini mwa jiji la San Francisco, nchini Marekani, imo Ghuba ya Richardson, na kandokando yake mji wa Sausalito. Kati ya 1942 na 1945, wakati wa vita, kiwanda cha Marinship kiliunda hapo meli 93. Kilipofungwa kiliacha mbao, vyuma na vyombo chakavu, ambavyo wasanii na watu wa kipato kidogo walivigeuza makazi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wachoraji Jean Varda na Gordon Onslow Ford waliipata feri kuukuu iitwayo Vallejo, wakaifanya makao na karakana yao. Katika miaka ya 1970 wakazi walivutana vikali na serikali. Hatimaye makazi mengi yalifungwa kwenye gati rasmi zenye umeme, maji na mabomba ya majitaka. Sasa nyumba zinazoelea hapo hukaribia 400, na bei zake, ole wake msanii fukara!

Mbele ya gati hizo, palipo maji ya wazi, wengine waliishi katika mashua za tanga zilizotia nanga. Maisha hayo hayana anasa. Kitanda hubanwa omoni, kikifuata wembamba wa chombo. Kila benchi ni sanduku la akiba. Maji ya kunywa huletwa kwa madumu katika kidau cha makasia. Maji ya ngama yasipokumbwa, chombo huzama taratibu mwenyewe akiwa usingizini. Dhoruba za majira ya baridi zikivuma, nanga huweza kukokoteka, na mashua ikasukumwa hadi ufuoni.

Sheria nayo ilikabiliwa na swali hilohilo la chombo na nyumba, ingawa katika jimbo la mbali, Florida. Jiji la Riviera Beach liliishtaki nyumba ya Fane Lozman kana kwamba ni meli, likainunua mnadani na kuivunja. Tarehe 15 Januari 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji saba dhidi ya wawili, kwamba nyumba ile haikuwa chombo: haikuwa na usukani wala uwezo wa kujiendesha, na mtazamaji wa kawaida asingeiona kuwa imeundwa kusafirisha watu au shehena. Ushindi ulimkuta Lozman hana nyumba.

Huko Richardson mambo yalikwenda kinyume. Minyororo ya nanga, ikizunguka na mkondo, hung'oa nyasi za bahari ambamo samaki aina ya heringi hutagia mayai. Mnamo 2021 mamlaka za ghuba zilikubaliana kwamba wanaoishi nangani waondolewe ifikapo Oktoba 2026. Baadhi walipewa msaada wa kodi ya nyumba nchi kavu. Hivyo, mwenye mlingoti, tanga na usukani ndiye aliyetakiwa kuhama, ilhali nyumba isiyoweza kwenda popote ilibaki gatini.

Istilahi "mashua-nyumba", ambayo baadhi ya wafasiri huitumia kwa makazi yote mawili, huificha tofauti hiyo.