Dawa ya Shamba na Nyuki wa Mzinga

Katika Katanga ya Juu, toka Lukafu hata upande wa Kundelungu, mwenye shamba la mahindi na mwenye mizinga ni majirani, na pengine ni mtu yule yule mmoja. Mahindi huyapanda karibu na nyumba, mzinga wake wa magome huutundika juu ya mti msituni. Basi, dawa ya shamba ikiua nyuki, vita vimeingia ndani ya nyumba moja.

Vita hivyo vilizidishwa na kiwavi. Mwaka 2016 kiwavijeshi atokaye Amerika alionekana kwanza barani Afrika, akaenea upesi hata kufika Kongo. Huingia katika moyo wa mhindi ungali mchanga, akaula kwa ndani. Mkulima akikimbilia dawa, nani atamlaumu? Watoto wake wanataka kula.

Lakini nyuki naye ni mdudu, na dawa haichagui. Ua la mhindi halina asali, walakini nyuki huliendea asubuhi kuchukua unga wake, ndio chakula cha wana wake. Akirushiwa dawa kazini hufa papo hapo, au hufia mlangoni pa mzinga.

Ziko dawa nyingine ambazo hila yake ni ya siri zaidi. Huitwa neonikotinoidi, hupakwa mbegu, kisha hupanda ndani ya mmea hata maua. Mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa walibandika vyombo vidogo mno migongoni mwa nyuki, wakawalisha dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Waliolishwa wakashindwa kurudi mzingani kuliko wenzao. Hebu fikiri: mdudu ajuaye kuwaonyesha ndugu zake kwa ngoma mahali palipo na maua, naye hajui tena njia ya kwao! Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulizikataza tatu za dawa hizo mashambani, isipokuwa ndani ya nyumba za vioo.

Wala hasara si asali na nta tu. Tazama boga: ua la kiume ni mbali na ua la kike. Asipopita mdudu kuupeleka unga, ua la kike hunyauka likaanguka, na mama hapati kitu cha kutia chunguni.

Ifanyike nini, basi? Kwanza pita katika mistari mahindi yangali machanga, ponda mayai ya kiwavi kwenye majani, tia majivu au mchanga katika moyo wa mmea. Ikikulazimu kurusha dawa, rusha jioni. Kiwavi hujificha jua likiwa kali, hutoka kula jioni na usiku. Nyuki saa hiyo amekwisha kurudi kwake. Ila dawa ambayo sumu yake hukaa siku nyingi juu ya majani itamngojea hata kesho, kwa hiyo usinunue chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Mahindi yakiisha kutoa maua, acha kabisa. Bomba usilioshee kwenye dimbwi, maana nyuki hunywa hapo. Na jirani mwenye mizinga apewe habari siku moja mbele, wala asiokote nyuki wafu ndipo ajue.