Je, Wajua? Taa za HID: isome taa yako kabla ya kununua balbu

Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, soko la Kisekka jijini Kampala: maduka ya spea ya huko hayakosi boksi la HID, yaani taa za gari ambazo wengi huziita zenoni. Ndani mna balbu mbili, balasti mbili na bunda la nyaya, na muuzaji atakuhakikishia kuwa zinaingia kwenye gari lolote. Kabla hujafungua pochi, pitia haya.

Je, wajua kuwa balbu ya HID haina uzi? Halojeni huwaka kwa sababu uzi wa tungsteni hupata moto mpaka ukang'aa. HID ni kichupa cha kwatzi chenye ncha mbili za tungsteni zilizoachana takriban milimita 4. Umeme huruka kutoka ncha moja hadi nyingine, na cheche hiyo isiyokatika ndiyo taa yenyewe. Kichupa kimejazwa gesi ya zenoni na chumvi za metali. Zenoni huwaka papo hapo, lakini chumvi huhitaji sekunde kadhaa ili zigeuke mvuke, ndiyo maana rangi ya taa hubadilika unapoiwasha kabla ya kutulia.

Je, wajua kuwa ili cheche hiyo iruke mara ya kwanza huhitajika zaidi ya volti 20,000, ilhali betri ya gari ni ya volti 12? Kazi ya kuikuza volti hufanywa na balasti pamoja na kiwashio chake. Taa ikishashika, volti hushuka hadi takriban 85 kwa balbu za HID za aina ya D1 na D2, na 42 kwa aina ya D3 na D4. Kwa hiyo D2S na D4S, ingawa ukizitazama zinafanana sana, hazibadilishani balasti. Soma maandishi yaliyo kwenye kitako cha balbu ya zamani kabla hujaenda dukani.

Je, wajua kuwa gari la kwanza kuuzwa likiwa na taa za zenoni lilikuwa BMW ya Series 7, mwaka 1991? Zenoni ilikuwa kwenye mwanga wa chini peke yake.

Je, wajua kuwa HID hula umeme mdogo kuliko halojeni? Balbu ya D2S ya wati 35 hutoa takriban lumeni 3,200. H7 ya halojeni, wati 55, hutoa takriban 1,500. Mwanga maradufu kwa umeme pungufu: ndiyo sifa kubwa ya teknolojia hii, na ni sifa ya kweli.

Je, wajua, hata hivyo, kuwa mwanga mwingi si sawa na kuona mbali? Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza pesa. Rifleta ya halojeni, ule uso wa kung'aa ulio nyuma ya balbu, imechongwa kwa hesabu kuuzunguka uzi: uzi ulio mahali pake hasa, wenye urefu wake, unaong'aa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Cheche ya HID haiko hivyo. Hupinda kidogo kuelekea juu, na hung'aa zaidi karibu na ncha kuliko katikati. Ukiiweka mahali pa uzi, rifleta huutupa mwanga ambako mbunifu wake hakukusudia. Mwingine hupanda hadi kwenye matawi ya miti, mwingine huingia machoni mwa dereva anayekuja, na mwingine humwagika mbele ya bampa lako.

Huo wa mbele ya bampa ndio unaodanganya. Lami ya karibu huwa nyeupe pepepe, mboni za macho husinyaa, na kule mbali anakotokea mwenye baiskeli isiyo na taa huzidi kuwa giza. Dereva hutoka kwa fundi akiwa na furaha kwamba sasa anaona, kumbe anaona karibu tu.

Je, wajua kuwa ndani ya balbu ya H4, ile inayotumika kwenye Probox za zamani na magari mengine mengi ya Japani, mna kikombe kidogo cha chuma? H4 ina nyuzi mbili, mmoja wa mwanga wa chini na mmoja wa fuli, yaani mwanga wa juu. Kikombe kimekaa chini ya uzi wa mwanga wa chini ili mwanga usifike nusu ya chini ya rifleta, kwa sababu unaogonga hapo hurudi kuelekea juu. Ni kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha, na ndicho kinachomlinda mwenzako barabarani. Boksi la HID la H4 hujaribu kuiga mpango huo kwa sumaku inayoisogeza balbu mbele na nyuma. Sumaku ikikwama, unaweza kubaki na fuli usiku kucha.

Je, wajua kuwa hata viwanda vilipotaka kutumia HID kwenye rifleta vililazimika kutengeneza balbu ya pekee? Ndiyo maana ya herufi ya mwisho katika majina kama D2S na D2R: S ni ya projekta, taa yenye lenzi nene mbele ya balbu, na R ni ya rifleta. Kioo cha R kina mistari ya rangi isiyopitisha mwanga, iliyochorwa ili kuziba miale ambayo ingewapofusha wengine, na rifleta yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya balbu hiyo. Viwanda havikuona kuwa inatosha kuchomeka balbu yoyote. Nasi tusione hivyo.

Je, wajua kuwa taa yako inajieleza? Taa nyingi za kiwango cha Ulaya zina herufi zilizochongwa kwenye lenzi. HC, HR au HCR ni taa ya halojeni. DC, DR au DCR ni taa iliyobuniwa kwa ajili ya HID. Taa zilizotoka Japani mara nyingi huandikwa aina ya balbu, kama vile H4, D2R au D4S. Chukua tochi ukaangalie. Ukikuta H, duka halina balbu ya HID itakayoigeuza taa hiyo kuwa D.

Je, wajua kuwa Mark X na Crown nyingi zilizoingia kutoka Japani tayari zina zenoni ya kiwandani? Kama taa hizo zimefifia, huhitaji boksi jipya. Balbu za HID hupungua mwanga taratibu na rangi yake huelekea kwenye urujuani kadiri zinavyozeeka. Badilisha zote mbili kwa pamoja, la sivyo jicho moja la gari litakuwa jeupe na jingine la rangi nyingine.

Je, wajua kuwa namba kubwa ya Kelvini si nguvu ya taa? Ni rangi tu. Halojeni ni takriban 3,200, zenoni ya kiwandani takriban 4,300. Kwenye 6,000 mwanga ni mweupe wenye ubaridi, 8,000 ni buluu, na ukifika 12,000 unaelekea zambarau. Kadiri unavyopanda kutoka 4,300, lumeni hushuka. Mwanga wa buluu nao huyachosha macho ya anayekutana nawe, na kwenye ukungu wa Limuru au mvua ya Mbeya humsaidia kidogo sana anayeendesha. Ushauri wangu ni mmoja: chukua 4,300, ukikosa sana 5,000.

Je, wajua kuwa projekta inaweza kuwa nzuri kabisa na bado ikawa haramu kwa barabara yako? Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Mwanga wa chini haukukatwa sawa pande zote: upande wa ukingo wa barabara hupanda kidogo ili uwaone waenda kwa miguu na alama, na upande wa magari yanayokuja hubaki chini. Projekta iliyong'olewa kwenye gari la Ujerumani au Marekani hupanda upande wa kulia. Ukiifunga Dodoma au Nakuru, kile kipande kilichopanda kinamlenga anayekuja moja kwa moja. Kwenye taa za kiwango cha Ulaya tafuta mshale: simama mbele ya gari ukiitazama taa, na kama mshale unaelekea kulia kwako, taa hiyo ni ya nchi zinazoendesha kushoto. Usipouona mshale wowote, ni ya wanaoendesha kulia. Ukiwa na ncha mbili, inafaa kote.

Je, wajua kuwa kwa dereva mwenye halojeni hafifu, kasoro mara nyingi iko kwenye waya wala si kwenye balbu? Volti ikishuka kwa asilimia 10, mwanga wa halojeni hupungua kwa karibu asilimia 30. Gari la miaka 15 lenye kutu kwenye waya wa ardhi na swichi iliyochoka hupoteza kiasi hicho kwa urahisi. Mwambie fundi umeme apime volti kwenye soketi ya balbu huku taa ikiwaka na injini ikinguruma, kisha apime kwenye betri. Tofauti ikiwa zaidi ya nusu volti, safisha ardhi na ufunge rilei. Gharama ni ndogo, na wengi hushangaa taa zao zilivyorudi.

Je, wajua kuwa lenzi ya plastiki iliyoota umanjano huutawanya mwanga hata kama ndani kuna balbu bora kuliko zote? Isuguliwe kwa msasa laini wa maji, ing'arishwe, kisha ipakwe rangi angavu ya kuzuia jua. Dawa ya meno huondoa ukungu kwa muda tu, kwa sababu haileti kinga mpya.

Je, wajua kuwa unapofunga HID mahali inapostahili, kila hatua ina sababu? Chomoa betri kwanza. Usishike kioo cha balbu kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huungua kwenye kwatzi na kuidhoofisha. Kama kifuniko cha nyuma lazima kitobolewe, kitoe kwanza kwenye gari ili chembe za plastiki zisidondokee ndani ya taa, kisha uzibe kwa mpira wake, maana unyevu ukiingia rifleta huharibika. Balasti ifungwe kwa skrubu kwenye chuma, mbali na rejeta na mahali maji yanapotuama. Kuifunga kwa waya au kamba za plastiki ni kuitayarisha ianguke. Inapowashwa, balasti huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imetulia, kwa hiyo itolewe umeme na rilei kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri. Waya mnene unaotoka kwenye balasti kwenda kwenye balbu usikatwe, usiunganishwe wala usiguswe taa ikiwa imewashwa. Volti hizo zinaweza kuua mtu. Balasti isiwashwe kamwe bila balbu.

Redio ikianza kukoroma baada ya kufunga, lawama ni ya balasti duni. Gari likiandika kwenye dashibodi kuwa balbu imeungua, kompyuta yake imeona umeme mdogo kuliko ilivyozoea.

Je, wajua kuwa HID haifai kwa fuli ya kuwasha na kuzima? Kanuni za Umoja wa Mataifa zinaitaka balbu hiyo ifike robo ya mwanga wake kwa sekunde 1 na asilimia 80 kwa sekunde 4. Unapompigia fuli anayehama njia, sekunde hizo huna. Kama gari lako lina balbu tofauti ya fuli, iache iwe halojeni.

Je, wajua kuwa kupima taa hakuhitaji mashine? Egesha mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa kimo hicho hicho, kisha mstari wa kukatika kwa mwanga ukae sentimita 10 chini ya alama. Kama una mita 5 tu, ziwe sentimita 5. Rekebisha kwa skrubu za nyuma ya taa. Kama mstari wenyewe hauonekani, mwanga umesambaa tu ukutani, hakuna skrubu itakayokuokoa: balbu na taa haviendani.

Je, wajua kuwa kile kigurudumu kilichoandikwa 0 hadi 4 au 5 karibu na usukani ni cha kushusha taa? Mzigo ukikaa nyuma, pua ya gari huinuka na taa huinuka nayo. Probox iliyojaa miraa kutoka Meru humulika mawingu. Kizungushe. Kwa zenoni jambo hili lilipewa uzito wa sheria: Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa iliweka sharti kuwa mwanga wa chini unaozidi lumeni 2,000 uende pamoja na kifaa cha kujirekebisha chenyewe na kinyunyizio cha kusafisha lenzi. Baadaye zikaundwa balbu za wati 25 zenye lumeni 2,000, zisizovuka mpaka huo. Boksi la dukani halina hata kimoja cha vifaa hivyo.

Je, wajua kuwa nchini Marekani mamlaka ya usalama wa barabara, NHTSA, inashikilia kwamba kuchomeka HID kwenye taa ya halojeni hakuwezi kutimiza sheria? Uingereza nako, gari lililofanyiwa hivyo hufeli ukaguzi wa mwaka.

Je, wajua kuwa kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde? Ukimpofusha dereva wa basi kwa sekunde 2 tu, amekwenda mita 44 bila kuona. Macho ya wazee huchelewa zaidi kurudi, na barabara zetu nyingi hazina ukuta katikati wala njia ya waendao kwa miguu.

Hukumu yangu ni hii. Taa ya halojeni ibaki na halojeni bora, lenzi safi na waya mzima. Anayeitaka HID kwa dhati anunue taa kamili iliyobuniwa kwa HID ya modeli ya gari lake, au projekta ya HID ya upande wetu wa barabara, ifungwe na kupimwa ukutani. Nawe fundi, mteja akikuletea boksi la HID kwa ajili ya taa ya H4, tafadhali mweleze ukweli kabla hujashika drili.