Pasha Mtu, Usipashe Upepo

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto lake hushuka hadi nyuzi 10 au 12 za Selsiasi. Njombe na Makete, nchini Tanzania, ni baridi zaidi. Si ajabu basi kwamba hoteli, mikahawa na hata nyumba za watu katika nyanda za juu zimeanza kuweka vipasha joto barazani. Mnunuzi akifika dukani, swali lake la kwanza huwa ni kilowati ngapi. Swali hilo linafaa chumba chenye kuta nne na dirisha lililofungwa. Barazani, kinachoamua kama utaota moto au utapoteza fedha ni njia ambayo joto hupitia mpaka likufikie mwilini.

Hebu tupige hesabu. Katika kimo cha Nairobi, kupandisha joto la mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi 1 huhitaji takriban kilojuli 1. Chukua baraza lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5, upepo ukipita kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, yaani upepo ambao hautikisi hata kitambaa cha meza. Kila sekunde mita 10 za ujazo za hewa huingia na kutoka. Ukitaka hewa hiyo iwe na joto la nyuzi 10 zaidi, utahitaji kilowati 100 mfululizo, nguvu ya kuendesha birika 50 za umeme kwa pamoja. Hakuna kifaa cha barazani kinachokaribia kiasi hicho, na hata kingekuwepo, joto lote lingeishia kwa jirani. Kupasha hewa ya nje ni kazi isiyowezekana, hata kwa tajiri.

Njia iliyobaki ni mionzi. Mwaka 1800 William Herschel alitawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na kipimajoto kikapanda. Mionzi hiyo ya infraredi hupita hewani bila kuipasha sana, kisha hugeuka joto inapogonga ngozi, nguo au kiti. Josef Stefan alionyesha mwaka 1879 kwamba joto la kitu kwa kipimo cha kelvini likiwa mara mbili, nishati inayotoka kwa mionzi huwa mara 16. Ndiyo maana taa ya kwatzi, ambayo waya wake huwaka kwa kelvini 2,000 na zaidi ndani ya bomba la kioo, huhimili upepo vizuri kuliko kigae cha seramiki kisicho na mwanga. Kigae hicho ni cha staha na hakiumizi macho, lakini upepo hukipoza usoni na kuondoka na sehemu ya joto lake. Kitafaa zaidi kwenye baraza lililozibwa pande mbili au tatu.

Wapenzi wa gesi watasema kwamba ule mwavuli mrefu wa chuma una kilowati 13 hivi, ilhali taa ya umeme ina 2 tu. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya joto la mwavuli hupaa juu na moshi wake. Kwa saa 4 utateketeza karibu kilo 4 za gesi, zaidi ya nusu ya mtungi wa kilo 6, na kutoa kilo 11 hivi za kaboni dioksidi. Taa ya umeme ya kilowati 2 itatumia yuniti 8, na nchini Kenya karibu asilimia 90 ya umeme hutokana na vyanzo jadidifu, hasa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Linganisha kwa bei za kwenu. Gesi ina sifa moja isiyobishaniwa: umeme ukikatika, yenyewe inaendelea. Mahali ambapo umeme hukatika kila jioni, sitamlaumu anayeichagua.

Jiko la mkaa nalo hutoa mionzi mizuri, tena kwa bei nafuu. Shida yake ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoshikana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Nje hutawanyika, lakini mvua ikinyesha na jiko likaingizwa sebuleni, huua watu usingizini.

Wengine huuliza kwa nini tusivae sweta tu. Ufaransa imepiga marufuku vipasha joto kwenye baraza za wazi za mikahawa tangu Aprili 2022, na hoja yake ina uzito. Sweta na blanketi zitangulie, kwani mwili uliotulia wenyewe hutoa wati 100 hivi. Baada ya hapo, ziba upande unakotoka upepo, kisha nunua taa ya kwatzi yenye alama ya IP55 au IP65 ya kuhimili maji. Itundike kwa kimo alichoelekeza mtengenezaji, ikiwaelekea walioketi. Kama paa ni la makuti au nyasi, usiitundike kabisa.