Mutoto wa kimya si mulozi

Mu makambi yetu, mutoto mwenye kupenda kukaa peke yake na kaye yake anapewa majina mengi. Wamoja wanasema: "Huyu iko na kiburi." Wengine wanafika mbali: "Njo mulozi huyu!" Wazazi, tuchunge vinywa vyetu. Kwa neno lile moja, mutoto anaweza kufukuzwa nyumbani.

Carl Jung, munganga wa Uswisi, aliandika mwaka 1921 ya kama watu hawafanane: kuko wenye nguvu yao inaelekea inje, kwa wenzao, kuko wenye nguvu yao inarudia ndani. Jambo hili tunaliona kila siku. Posti ya usiku ikiisha, mumoja anapita kwanza kupiga masolo na bandugu. Mwengine anaoga, anakaa mbele ya nyumba, hataki kelele. Wote wawili walichimba sawasawa. Nani mugonjwa? Hakuna.

Waandishi wengi wako wa namna ile ya pili. V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941. Akiwa kijana aliingia monasteri ya Wabenedikto kule Rwanda, kisha akatoka. Mwaka 1973 alitoa kitabu Entre les eaux, habari ya padri anayeacha kazi yake na kufuata waasi. Munaona: kupenda kimya si kusahau mateso ya watu.

Lakini tusidanganyane, si wote. Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 mwaka 2014. Kitabu hicho kinajaa kelele ya bar na ya wachimbaji, na yeye mwenyewe anasoma maandiko yake kwa sauti kubwa pamoja na wapiga muziki. Hata hivyo, kelele yote ile ilibidi mutu akae chini aiandike.

Basi tufanye nini? Mutoto aliyezaliwa mupole, mumupe kaye, biki na nafasi. Musimulazimishe kusema mbele ya wageni. Ila yule aliyezoea kucheka, kisha gafula ananyamaza, hakule, hakulale, yule iko na shida: mukae naye, mumuulize polepole. Kimya cha kuzaliwa na kimya cha maumivu ni vitu viwili.

Leo magaribi, baba, muulize anaandika nini. Akikataa kukuonyesha, usikasirike. Ataleta siku yake.